Mtaa Ulioganda Kwenye Ramani

"Ramani yangu na ardhi zikipishana," mjomba wangu alisema redioni, saa moja asubuhi, nchi nzima ikiwa na mswaki mdomoni, "basi ardhi ndiyo ikakaguliwe."

Mtangazaji alicheka kwa adabu. Mjomba hakucheka. Alisogea karibu na kipaza sauti na kurudia maneno yale yale polepole, kama mtu anayesoma namba ya simu, asije akanukuliwa vibaya. Alinukuliwa vizuri sana. Ndicho kilichomponza.

Haki yake apewe: sababu ya kuvimba kichwa alikuwa nayo. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amepaka duara la zambarau, rangi yake ya dhoruba, juu ya soko kuu kwenye ramani, likaonyeshwa kwenye taarifa ya habari, na wauza mitumba, watu ambao hawamwamini hata mama yao akisema kuna chai, wakafungasha. Saa nane mchana dhoruba ikaja ikabeba vibanda vitupu. Haikupotea hata soksi. Ndipo redio ikampa dakika kumi, na dakika kumi zinamtosha kabisa mtu mzima kujiharibia maisha.

Mkurugenzi wa idara, mtu anayependa maneno kuliko maana, aliisikia sentensi ile akiwa ndani ya gari. Akaagiza iandikwe kwa herufi za dhahabu kwenye ukuta wa mapokezi, chini ya saa isiyotembea.

Kazi yenyewe ni hivi. Huko juu kuna setilaiti zinazunguka zikiipiga dunia picha, ila picha hazifiki kama picha. Zinafika namba. Namba mistari na mistari, kama matokeo ya mtihani wa nchi nzima yasiyo na majina. Mjomba ndiye anayezigeuza rangi ili binadamu wa kawaida azielewe. Majani yakiwa na afya, kijani. Yakichoka, njano. Yakikata tamaa, kahawia. Dhoruba huipa zambarau. Ukimuuliza kwa nini si nyekundu, anakwambia nyekundu watu wameizoea. "Hata bili ya maji inakuja na nyekundu. Nani anashtuka?"

Anafanyia kazi hiyo chumba namba kumi na nne, ghorofa ya pili, katikati ya stoo ya viti vilivyovunjika na choo ambacho mlango wake unafungwa kwa kamba. Kiyoyozi cha humo kiligandia nyuzi kumi na sita tangu fundi wa mwisho aondoke na rimoti mfukoni, kwa hiyo mjomba hukaa na kofia ya sufu na koti la mvua mchana kutwa, jua likichoma kioo. Wageni humsogelea kwa upole wakidhani anaumwa.

Na wageni hawakosi. Watu wameshaamini kwamba yule bwana wa ramani anaona kila kitu. Kuna mkuu wa wilaya aliyempigia simu kuomba kijani.

"Kidogo tu, bwana. Hata cha kupauka. Jumatano nina mgeni na wilaya yangu imekaa kahawia kama gunia."

"Mheshimiwa, mvua ikinyesha nitakipaka bure."

Kuna na mama mmoja aliyepanda ngazi zote mbili kuomba atafutiwe mume, aliyesema yuko safari ya kikazi. Mjomba alimweleza kwa heshima zote kwamba nukta moja ya ramani ni kama hatua kumi kwa hatua kumi. "Dada yangu, mumeo angekuwa mnene kiasi hicho, hata wewe ungekuwa umemwona."

Sasa barafu.

Nchi hii haina barafu, labda uifuate kwenye friji. Lakini programu ya kusoma zile namba tulipewa na marafiki wa idara kutoka nchi moja ya baridi, na fomu ya urafiki huo ilikuwa na visanduku vitatu: dhoruba, mimea, barafu. Kila mwezi vyote vijazwe. Kwa miaka miwili mjomba alijaza cha tatu neno moja, "Hakuna", na kila mwezi marafiki walimjibu kwa barua ya pole.

Programu yenyewe haikuwa jinga, ila ililelewa kwingine. Kule ilikotoka, kitu cheupe kinachong'aa kikionekana kutoka juu ni kimoja kati ya viwili, wingu au barafu. Ukitaka kujua ni kipi, unangoja. Kikisogea, ni wingu. Kikikaa pale pale miezi mitatu, ni barafu. Jambo la tatu hakuna aliyeifundisha.

Mwezi wa nne, kisanduku cha tatu kiliamka na namba. Programu ikapaka yenyewe samawati, samawati nzuri ajabu ambayo mjomba aliichagua siku ya kwanza kazini na hakuwahi kupata pa kuitumia. Ilikuwa doa dogo upande wa kusini wa mji. Siku nyingine angelidaka, lakini asubuhi hiyo alikuwa anafukuzana na upepo fulani upande wa mashariki, na ramani hujituma yenyewe kwa mkurugenzi ikifika saa tatu. Saa tatu na dakika nne aliitwa.

"Hii bluu ni nini?"

"Barafu, Mkuu. Yaani, programu inadhani ni barafu. Nipe siku moja nichunguze, itakuwa ni…"

"Tuna barafu?"

"Hatuna, Mkuu. Kuna kitu cheupe tu kimekaa mahali."

Mkurugenzi alikuwa ameshasimama. Alikwenda dirishani, akaangalia maegesho ya magari yaliyokuwa yanaunguzwa na jua, akayaona kwa macho mengine.

"Miaka yote hii tunaalikwa mikutano ya ukame. Ukame, ukame, ukame. Maji ya chupa na biskuti. Hivi wenye barafu huwa wanafikia hoteli gani, unajua wewe?"

Mjomba hakujua.

"Basi mimi nitajua."

Saa saba mchana ikawa kwenye habari. Saa kumi marafiki wa nchi ya baridi wakatuma pongezi.

Jumapili iliyofuata mjomba alikwenda kula kwa dada yake mkubwa. Dada huyu ni fundi cherehani; mimi namwita Mama Mkubwa, mtaa unamwita Sindano, na si kwa sababu ya kushona. Ndiye aliyemlea mjomba wazazi walipoondoka. Nyumba yake aliijenga miaka kumi na moja, chumba kimoja kimoja, na sebule ameigeuza karakana: cherehani tatu, meza ya kukatia, na wakati huo rundo la sare za shule mia moja na arobaini zinazotakiwa shule zikifunguliwa. Mwezi wa kwanza alikuwa ameezeka upya. Mfanyabiashara mmoja aliagiza mabati ya bluu akaletewa meupe, akayauza kwa hasira. Mama Mkubwa alichukua wa kwanza. Majirani wakaona wivu, wakachukua nao.

Mjomba alikunja kona ya mtaa ule akapigwa na mwanga usoni kama mtu aliyefunguliwa mlango wa friji. Akakinga macho. Akahesabu mapaa. Tisa. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili, kana kwamba yangepungua. Kwenye ramani nukta zilikuwa tisa, zimepangana vilevile, hadi pengo la kiwanja kitupu cha mjane mmoja.

Akaingia ndani bila kubisha.

"Dada, hili bati uliezeka lini?"

"Umeingia bila hodi unaniuliza bati? Salamu umeziacha ofisini?"

"Shikamoo Dada. Bati uliezeka lini?"

"Marahaba. Mwezi wa kwanza. Zuri, eeh? Nyumba imepoa, nashona mchana kutwa sitoki jasho."

"Limeonekana."

"Na nani?"

"Na setilaiti."

Mama Mkubwa aliacha kushona. Uso ukamchanua. "Si nilisema! Na yule jirani alidai halitaonekana hata barabarani."

"Dada, inadhani ni barafu."

Alicheka mpaka akajichoma kidole, akaendelea kucheka huku akikinyonya. Kisha akasema jambo la busara kuliko yote yaliyosemwa katika habari hii nzima, na hakuna aliyelifuata: "Sasa si uwaambie ni bati?"

"Nitawaambia kesho."

"Waambie mapema, wasije wakajisumbua."

Kesho yake mjomba alivua kofia ya sufu, akapiga moyo konde, akaingia kwa mkurugenzi.

"Mkuu, nimekosea. Ni mabati."

Mkurugenzi hakugomba. Alimshika bega, akamshusha ngazi hadi mapokezi, akamsimamisha mbele ya ukuta.

"Soma."

Mjomba akasoma. Dada wa mapokezi akajifanya anapanga bahasha.

"Nani alisema haya?"

"Mimi."

"Basi ardhi ikakaguliwe."

Ikakaguliwa. Ilitumwa timu ya watu wanne waliovaa makoti mazito, yaliyoazimwa kwenye ghala la nyama la mji, kila moja likiwa na namba mgongoni na harufu yake. Walitembea mtaa mzima saa saba mchana wakichoma ardhi kwa fimbo ya chuma. Kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na tatu. Waligonga kwa Mama Mkubwa, wakamuuliza kama ameona mabadiliko yoyote.

"Nimeona wanaume wanne wamevaa makoti juani," akajibu. "Andikeni hilo."

Waliandika mengine. Ukurasa wa pili wa ripoti yao ulisema: "Timu imebaini kuwa barafu ya eneo hili ni ya aina inayostahimili joto." Chini yake: "Mjumbe mmoja alizidiwa na mazingira." Mjumbe huyo alikuwa amezimia mbele ya genge, akamwagiwa maji na muuza nyanya.

Ikaundwa Kamati ya Barafu. Wajumbe kumi na mmoja, na mjomba akiwa mtaalamu mwalikwa, yaani mtu wa kuketi bila kura. Katibu wake alikuwa bwana mmoja mpole kupita kiasi, aliyevaa mhuri shingoni kwa kamba kama refa na filimbi yake. Hakuna aliyewahi kumwona amekasirika. Hakuna aliyewahi pia kumwona ameruka hatua.

Mwezi wa tano, majirani wawili wa kichochoro cha kaskazini, ambacho mjomba hakukifikia Jumapili ile, walioezeka mwezi wa pili, wakatimiza miezi yao mitatu. Nukta zikawa kumi na moja. Kamati ikapiga hesabu, na hesabu yenyewe, kwa uchungu wa mjomba, ilikuwa sahihi: barafu inatembea. Inaelekea kaskazini, nyumba mbili kwa mwezi. Kwa mwendo huo ingefika kwenye geti la wizara baada ya miaka kumi na tisa. Mjumbe mmoja aliyebakiza miaka miwili astaafu alionekana kupumua.

Ikaamuliwa kwamba wakazi wa nyumba kumi na moja wahame kwa usalama wao ndani ya siku kumi na nne. Nyumba zifungwe kwa minyororo. Watu wapelekwe ukumbi wa shule ya msingi, kila mmoja apewe mablanketi mawili. Ofisa alipita na chokaa kuweka alama ya theluji kwenye milango, na kwa kuwa theluji hajawahi kuiona, alichora kitu kati ya buibui na jua.

Mama Mkubwa aliisoma barua mbele ya mjomba, kwa sauti, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"'Unatakiwa kuhama kwa hiari yako kabla ya kuhamishwa.' Haya, mtaalamu. Nionyeshe hiari iko mstari wa ngapi."

"Dada, usiniite mtaalamu."

"Nikuite nani? Nimekulea, nimekushonea kaptula, nimekupeleka shule ukajifunze kuona kutoka juu. Haya, umeniona!"

"Sikujua ni wewe."

"Cherehani mbili ni za umeme. Ukumbi wa shule una soketi moja na imekufa. Hizi sare za watoto mia na arobaini nitazishonea wapi, juu ya blanketi?" Akashusha barua. Sauti nayo ikashuka, na Mama Mkubwa akishusha sauti ujue pamefika pabaya. "Wakishafunga mnyororo hapa, mdogo wangu, nani ataufungua? Umewahi kuona wizara inafungua kitu?"

Mjomba hakuwahi. Alikuwa amefanya kazi huko miaka kumi na tano.

"Tupake bati rangi nyingine," akasema.

"Nipake bati jipya matope kwa ajili ya kompyuta?"

Siku ya tatu akakubali, shingo upande. Fundi rangi alipanda ngazi, akachovya brashi, akaamriwa ashuke. Ofisa wa chokaa alikuwa ameegemea ukuta wa jirani, na karatasi alikuwa nayo: kupaka, kukwangua, kufunika au kuudhi kwa namna yoyote barafu ya umma ni kosa. Fundi rangi akaomba radhi kwa bati na kuondoka.

Siku ya tano mjomba alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Alifungua ramani, akaigusa kwa mkono wake, akafuta samawati yote. Nukta kumi na moja zikarudi rangi ya mji, kijivu cha kawaida cha watu kuishi. Ukweli mtupu, na bado aliangalia mlango mara mbili kabla ya kuuhifadhi.

Haikupita saa, katibu akabisha hodi.

"Samahani kwa usumbufu. Barafu imekwenda wapi?"

"Haikuwepo."

"Haikuwepo, au imeyeyuka?"

"Haikuwepo, Katibu. Tangu mwanzo. Ni mabati."

Katibu alisikitika kweli kweli. Alikaa kwenye kiti, kikayumba, akafungua faili lake. "Hilo halina fomu. Angalia mwenyewe: barafu kuongezeka, Fomu ya Saba. Kupungua, Fomu ya Nane. Kuyeyuka, Fomu ya Tisa. Kutokuwepo tangu mwanzo…" Akapekua mpaka jalada la nyuma. "Hapana, bwana. Ningekuwa nayo ningekupa."

"Na kukosea je?"

"Kukosea kwa nani?"

"Kwangu mimi. Nimekosea. Niandikie barua, nifukuze, nikate mshahara."

"Wewe hukosei," katibu akasema kwa upole. "Imeandikwa pale mapokezi. Naomba urudishe bluu yetu kabla ya saa kumi."

Mjomba akairudisha. Alikuwa anabofya nukta ya tano alipouliza, bila kugeuka, "Hiyo ya Tisa inataka nini?"

"Sampuli tu. Sampuli ya barafu kutoka eneo husika, iwekwe mbele ya kamati iliyotimia, na kamati ishuhudie inayeyuka. Kisha mhuri. Nyumba zinafunguliwa siku hiyo hiyo." Akainuka, akapanguza suruali. "Lakini lazima sampuli iwepo. Hatuwezi kuyeyusha maneno."

Kamati ilikuwa inakaa Jumatano, siku ya kumi na tatu. Alhamisi jioni ilikuwa minyororo. Mjomba alizihesabu siku hizo kama mtu anayehesabu ngazi gizani, na siku ya kumi na moja akaenda kwa dada yake na wazo. Alilieleza kwa aibu, akiangalia chini. Mama Mkubwa alilisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada.

"Hilo tu?" akasema. "Umesoma miaka yote ile ukafika hapo hapo ambapo ningefika mimi kwa miguu?"

Jumatano asubuhi wakaenda wote wawili, na beseni la kufulia, kwa muuza barafu aliye nyuma ya duka la samaki. Jamaa mnene, aproni ya mpira, shoka mkononi.

"Ya samaki au ya juisi?"

"Ya serikali," akasema Mama Mkubwa.

Muuza barafu alifikiri kidogo. "Hiyo inatakiwa ikae muda gani?"

"Ifike hai, ife kikaoni," akasema mjomba.

"Basi chukua ya juisi. Ya samaki itawanukia wajumbe."

Wakatoka na pande moja limefunikwa kwa gunia. Mama Mkubwa alishaanza kuelekea wizarani, mjomba akamshika mkono.

"Kwanza nyumbani."

"Nyumbani kufanya nini? Inayeyuka!"

"Fomu inasema kutoka eneo husika. Mimi siandiki uongo kwenye fomu, Dada."

"Ewe Mola wangu. Mtu kagandisha mtaa mzima, leo anaogopa uongo!"

Lakini ndivyo alivyo. Alipanda ngazi mwenyewe, na koti lake la mvua, akaliweka pande la barafu juu ya bati jeupe, akarudi nyuma hatua moja, akalitazama. Kwa mara ya kwanza ramani yake na ardhi zikaafikiana. Zikaafikiana sekunde nne. Bati lilikuwa la moto kama kikaango. Pande likateleza likishuka kwa kasi, likaruka ukingo, na Mama Mkubwa akalidaka kwa beseni pale chini huku akitukana ukoo wao wote, naye akiwemo.

"Sasa ni barafu iliyotoka juu ya paa lako," mjomba akasema akishuka. "Twende."

Ukumbi wa kamati ulikuwa na meza ndefu, feni moja na wajumbe kumi na mmoja waliotimia, kwa kuwa palikuwa na chai. Mama Mkubwa alikaa karibu na mlango kama mleta sampuli. Beseni likawekwa katikati ya meza, juu ya gazeti. Mkurugenzi aliingia, akaliona, akasimama. Alinyoosha kidole kimoja, akagusa, akakirudisha haraka.

"Ni baridi," akasema, na macho yakamlengalenga. "Jamani, ni baridi kweli. Ya kwetu wenyewe."

Mjomba alitazama viatu vyake.

Sampuli ilikuwa ajenda ya nne. Mtu asiyejua angedhani hilo ni baya, kumbe ndiyo ilikuwa nusura yenyewe. Ajenda ya kwanza, kufungua kikao. Ya pili, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, kurasa tisa. Ya tatu, yatokanayo. Hapo yakatokana. Ghala la nyama lilikuwa limeandika kudai kwamba koti moja kati ya yale manne limerudi bila kifungo. Je, kifungo kilipotea barafuni au njiani? Kikipotea barafuni, ni mali ya nani? Mjumbe mmoja akashauri itumwe timu ya kukitafuta. Mwingine akauliza timu itavaa nini, ikiwa makoti yamesharudishwa. Walijadiliana dakika hamsini. Feni ilikuwa inapuliza beseni moja kwa moja. Mama Mkubwa alianza kuinuka kusema kwamba anavyo vifungo elfu tatu nyumbani na atashona hicho sasa hivi, mjomba akamtolea macho akae. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anataka mkutano uendelee.

Walipofika ajenda ya nne, katibu alisimama, akainama juu ya beseni. Akachovya kidole. Akakionja, kwa kuwa fomu ina mstari wa ladha. Akaandika.

"Kamati imeshuhudia," akasema. "Imeyeyuka."

"Haiwezekani," mkurugenzi akasema. "Ilikuwa barafu sasa hivi! Nimeigusa!"

"Ndiyo, Mkuu. Na hilo nimeliandika. Ushahidi wako ndio umekamilisha kipengele cha pili." Akashika mhuri kifuani, akaupumulia, akaugonga. Mara kumi na mbili: moja kwa fomu, kumi na moja kwa nyumba zote.

Mkurugenzi aliketi polepole kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Na mimi nilishathibitisha," akasema. "Mkutano wa nchi zenye barafu. Wameniwekea hadi jina mezani."

Hapo mjomba alisema maneno yake ya pekee katika kikao kile, na sijui aliyatoa wapi, mtu asiyejua kudanganya. "Mkuu, kuna na mkutano wa nchi zilizopoteza barafu yao. Ule ni mkubwa zaidi. Kule watu wanalia jukwaani."

Mkurugenzi aliinua kichwa. "Hoteli?"

"Nasikia ya nyota tano."

Kikao kilifungwa kwa furaha.

Minyororo haikuja. Ofisa wa chokaa alirudi Alhamisi na kitambaa chenye maji, akafuta buibui zake mlango kwa mlango, akamaliza kwa Mama Mkubwa, aliyemkabidhi kitambaa kikavu na kumwonyesha alipobakiza. Sare zilimalizika siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, zote mia moja na arobaini, ingawa kaptula sita za mwisho zina mifuko upande mmoja kwa sababu ya hasira. Mjomba aliwaandikia marafiki wa nchi ya baridi barua ndefu, akawaeleza kuhusu mabati, akaomba waifundishe programu jambo la tatu. Walimjibu upesi. Walimpa pole kwa kupotelewa na barafu, na wakasema wanaelewa kwamba kila mtu huomboleza kwa njia yake.

Programu haijafundishwa. Mabati bado ni meupe, na Mama Mkubwa sasa hataki hata kusikia habari ya rangi. Anasema bati lake lina mhuri wa serikali. Ina maana kila mwezi kisanduku cha tatu kinaamka, nukta zinarudi, sasa ni kumi na nne, barua ya kuhama inachapwa, na kila Jumatano ya mwisho kamati inakaa kushuhudia. Mkurugenzi husafiri sana. Mjomba hachelewi siku hiyo. Anampitia dada yake asubuhi na beseni, wanakwenda nyuma ya duka la samaki, na jamaa wa aproni haulizi tena ya nini, anapasua tu na kufunika kwa gunia.

Pande moja ni shilingi mia nne.